Katani ililia, nailoni ikanyamaza

Baba yangu alikuwa mtu wa matishari. Kwa asiyeijua Tanga ya zamani nieleze kidogo: kabla gati letu halijaongezwa kina miaka hii ya karibuni, meli kubwa zilitia nanga katikati ya ghuba, na mzigo ulifuatwa hukohuko kwa matishari, vyombo bapa vya chuma visivyo na injini ambavyo hukokotwa na tagi. Kazi ya baba ilikuwa kamba. Kufunga, kulegeza, kukaza, kuunga iliyokatika. Mimi nilitumwa kumpelekea chakula cha mchana kutoka nyumbani Ngamiani, na mara nyingi nilimkuta gatini ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayeiba taarifa ya habari kwenye redio ya jirani. Siku moja nikamuuliza anasikiliza nini.

"Kamba," akanijibu. "Katani huwa inasema."

Kisha akanifundisha. Kamba ya katani ikibebeshwa kupita uwezo wake huanza kulia kama mlango mkuukuu. Ukiendelea kuivuta, kilio kinageuka mpasuko mdogomdogo, tik, tik, tik, singa moja baada ya nyingine. Manyoya yake husimama na vumbi jepesi hutoka kwenye misokoto. "Ikilia mara ya kwanza, legeza," alisema. "Ikilia mara ya pili, mwache serehangi apige kelele zake, wewe ondoka."

Halafu ikaja nailoni. Nyeupe, laini, haiozi, haichomi viganja. Wanaume ambao mikono yao ilikuwa imejaa miiba ya katani waliipokea kwa shangwe, na baba alikuwa miongoni mwao. Kwa unene uleule ilibeba zaidi ya maradufu ya kamba ya katani. Nani angelalamika?

Mwaka niliokuwa darasa la saba, kamba moja ya nailoni ilikatika wakati tishari likivutwa. Ulisikika mlio mmoja tu, kama wa bunduki. Ncha ya kamba ikarudi na kumpiga mwenzake baba chini ya goti, pale pale alipokuwa akisimama kila siku. Mguu ukaenda. Jina lake silitaji, wala la chombo. Yeye alipona, na sisi watoto wa mtaa ule tukamjua baadaye kama mzee wa kibarazani anayeuza kahawa na kashata, magongo yake mawili yameegemezwa ukutani. Usiku wa ajali ile baba hakugusa chakula. Alirudia maneno yaleyale: "Haikusema kitu. Haikusema hata neno moja."

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari miaka 36, na sidhani kama kuna sentensi ya kitabu chochote iliyonikaa kichwani kuliko hiyo ya baba.

Kwa nini nailoni hainyanyui sauti? Katani ni singa nyingi fupi, kila moja ina urefu wa mita moja hivi, zimesokotwa zikashikana kwa msuguano. Hakuna singa mbili zilizo sawa. Ile nyembamba hufa mapema, ile nene huchelewa, na vifo hivyo vya mmoja mmoja ndivyo vilio alivyovisikia baba. Nyuzi za nailoni, ambayo ilitengenezwa mara ya kwanza na Wallace Carothers wa kampuni ya DuPont mwaka 1935, ni ndefu na zimefanana kama mapacha. Zinagawana mzigo kwa haki, zinavumilia pamoja, na zikifika mwisho zinafika pamoja. Isitoshe, nailoni inanyumbuka: inaweza kurefuka kwa robo ya urefu wake na zaidi kabla ya kukatika. Nguvu yote uliyoivutia inakaa humo kama kwenye manati. Siku inapokatika, manati inafyatuka, na jiwe ni kamba yenyewe.

Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Lakini waliotunga methali hiyo walikuwa na kamba ambayo ubovu wake unaonekana. Nailoni huweza kulika ndani kwa ndani, pale nyuzi zinaposuguana zenyewe kwa zenyewe huku chembe za mchanga na chumvi zikisaga katikati, na nje ikabaki na sura ya bibi harusi.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu. Alikuja likizo, akaniletea simu usoni: "Babu, tazama." Kwenye video palikuwa na kipande cha mpira laini, kinavutwa kwa vidole gizani, na kila kikivutwa kinawaka kijani. Kikiachiwa, kinazima. Hakuna betri wala waya. Mjukuu alidhani ni kiinimacho. Mimi nilimwambia asubiri, nikaenda dukani kununua sukari nabati.

Wanafunzi wangu wa zamani watakumbuka. Kila mwaka, kidato cha tatu, tulifunga madirisha ya maabara kwa makatoni, tukakaa gizani dakika kumi mpaka macho yazoee na wale wa nyuma wachoke kuchekana. Kisha nilishika bonge la sukari nabati kwa koleo na kulivunja. Mmweko wa buluu, hafifu, umekwisha kabla hujasema "nimeuona". Francis Bacon, Mwingereza, aliandika mwaka 1620 kwamba sukari ngumu ikikwaruzwa au kuvunjwa gizani hutoa mwanga. Punje inapopasuka, upande mmoja wa ufa hubaki na chaji chanya na wa pili chaji hasi, na cheche inaruka kati yake kupitia hewa. Nitrojeni ya hewani ndiyo inayong'aa. Ni radi, isipokuwa imejikunja ikatosha ndani ya punje. Hata selotepu ikibanduliwa hufanya hivyo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliibandua ndani ya chombo kisicho na hewa, ikatoa eksirei za kutosha kupiga picha ya mfupa wa kidole.

Lakini sukari na selotepu ni michezo ya darasani. Kinachonihusu mimi, mtoto wa mfunga kamba, ni kazi nyingine iliyo ngumu zaidi: kuichukua plastiki yenyewe, polima, na kuifundisha kusema inapoumia.

Polima ni mnyororo. Mjerumani Hermann Staudinger alilisema hilo mwaka 1920, wenzake wakambeza, na mwaka 1953 wakampa Tuzo ya Nobel. Molekuli moja ya nailoni au ya mpira ina maelfu ya atomu zilizoshikana mkono kwa mkono. Staudinger huyohuyo aliona pia kwamba ukiisaga polima, minyororo yake inakuwa mifupi. Maana yake nguvu ya mkono au ya mashine inaweza kufika hadi kwenye kifungo kimoja kati ya atomu mbili na kukikata. Kila kamba inayovutwa kupita kiasi, mamilioni ya vifungo hivyo hukatika kimya kimya. Wanakemia wakajiuliza: je, tukipachika katikati ya kila mnyororo kifungo kimoja dhaifu, cha makusudi, ambacho kikikatika kinatoa mwanga?

Mwaka 2012, Eindhoven, Uholanzi, kundi la Rint Sijbesma, na Yulan Chen akiwa mwandishi wa kwanza, walitangaza kwamba wamefanikiwa. Kifungo walichokipachika kinaitwa dioksetani. Ni pete ndogo ya atomu nne, kaboni mbili na oksijeni mbili, zimebanwa kwenye pembe nne zisizozitosha, kama mtu mzima aliyekalishwa kwenye dawati la chekechea. Ukivuta mnyororo, pete inafumuka. Vinapatikana vipande viwili, na kimoja huzaliwa na nguvu ya ziada ambayo inakitoka kama mwanga wa buluu. Ukichanganya rangi fulani ndani ya polima, unaweza hata kuubadili mwanga huo uwe wa rangi nyingine.

Nilipoisoma kazi hiyo nilicheka peke yangu, kwa sababu ndugu wa karibu wa pete ile namjua tangu utotoni. Yumo tumboni mwa kimulimuli. Mdudu yule hukutanisha kemikali iitwayo lusiferini na oksijeni, na njiani hupita kwenye pete ileile ya pembe nne kabla haijapasuka na kuwaka. (Kimulimuli cha pili, kile cha juu ya gari la mkubwa, nacho hukuambia ukae pembeni, lakini hicho kinatumia betri.)

Miaka miwili baadaye, watu wa Eindhoven walishirikiana na Costantino Creton wa Paris. Walitengeneza mpira wa nyavu mbili au tatu zilizoingiliana, wavu wa kwanza ukiwa umekazwa sana ili ufe kwanza na kuwakinga wengine, na ndani ya wavu huo wa kafara wakatia dioksetani. Wakauchana mpira mbele ya kamera. Buluu ikaonekana mbele ya ncha ya mpasuko, eneo pana kuliko ule mpasuko wenyewe. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuona wapi minyororo inakufa na kwa wingi gani, na kwa nini mpira wenye wavu wa kafara ni mgumu kuchanika. Hiyo ni sayansi safi kabisa, nami naivulia kofia.

Lakini natoka kwenye nyumba ya mfunga kamba, kwa hiyo nina swali la gatini. Mwanga wa dioksetani unatoka pale mnyororo unapokatika. Kwa mnyororo ule, huo ni kilio cha msiba, si hodi. Kweli, minyororo mingi hufa kabla kamba nzima haijakatika, na jumla ya vilio hivyo inaweza kuwa onyo, kama tik tik za katani. Ila ni kilio cha chini mno. Kinadumu kwa kitambo kidogo, kinahitaji giza na kamera kali, na kila kifungo kinalia mara moja tu katika maisha yake.

Kuna kingine kinachopiga hodi. Mwaka 2009, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kundi la Jeffrey Moore na Nancy Sottos lilipachika kwenye polima molekuli iitwayo spiropirani. Hii ikivutwa haikati mnyororo. Pete moja ndani yake inafunguka, na molekuli nzima inabadilika rangi, kutoka isiyo na rangi au manjano hafifu hadi nyekundu inayoelekea zambarau. Sura hiyo mpya pia hung'aa wekundu ukiimulika kwa taa inayofaa. Mzigo unauona kwa macho, kabla kitu hakijakatika, na ukiiacha kwenye mwanga wa kawaida inarudi ilivyokuwa. Nilipoisoma nilisimama kitini. Nikasema, hii sasa ndiyo katani ya baba.

Furaha yangu ilidumu siku mbili. Siku ya tatu alipita nyumbani kijana niliyemfundisha, siku hizi anaendesha kreni bandarini. "Shikamoo, Mwalimu." Marahaba. Nikampa chai, nikamweleza yote, pete na rangi na kimulimuli. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Mwalimu, sasa hiyo taa nitaionaje saa sita mchana?"

Sikuwa na jibu. Na hata kuhusu ile rangi, isiyohitaji giza, alipoondoka nilikumbuka jambo baya zaidi, ambalo nilitakiwa kulikumbuka mwenyewe kwa sababu nimelifundisha: spiropirani haifunguliwi na mvuto peke yake. Mwanga wa urujuanimno, ule usioonekana uliomo kwenye jua, nao huifungua. Yaani ukiitundika kamba ya namna hiyo Tanga mwezi wa Januari, jua litaipaka wekundu kabla ya mzigo. Itakuwa inapiga kelele za hatari kutwa nzima, na kila mfanyakazi anajua la kufanya na mlinzi anayepiga kelele kutwa nzima: unamzoea.

Mpira ule wa kijani wa mjukuu wangu ni ukoo mwingine. Humo minyororo haikatiki. Kilichofanyika ni kuchanganya mpira laini na unga wa madini unaowaka ukibanwa. Aliyeifungua njia hiyo zaidi ni Chao-Nan Xu, mtafiti nchini Japani, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ameonyesha kwamba unga wa strontiamu aluminati wenye chembe za yuropiamu huwaka kijani kila unapobanwa au kuvutwa. Unga wa ukoo huohuo ndio unaong'aa usiku kwenye namba za saa na kwenye vibao vya mlango wa dharura. Wajapani wameupaka kwenye madaraja na majengo kuona nyufa zinavyotanuka na magari yakipita. Faida yake ni kwamba haulii mara moja ukafa: unaweza kuwaka na kuzima mara nyingi sana. Hasara yake mnaijua tayari, kijana wa kreni ameshaisema.

Mwaka 2018 Yoshimitsu Sagara wa Japani na Christoph Weder wa Fribourg, Uswisi, pamoja na wenzao walileta kitu cha kupendeza kwa mhandisi yeyote. Kinaitwa rotaksani: pete imevishwa kwenye kijiti, pete ina rangi inayong'aa na kijiti kina kizimaji cha rangi hiyo. Bila mvuto vimekaribiana, giza. Ukivuta, pete inateleza mbali na kizimaji, inang'aa, ukiachia, inarudi. Hakuna kifungo kinachovunjika. Ila nayo inataka taa ya kuimulika.

Nimeyapanga haya kwa kirefu kwa sababu kila mara habari za namna hii zikifika magazetini kwetu hufika zikiwa zimekatwa mkia. Tunasoma kwamba wanasayansi wamegundua plastiki inayojitangaza kabla ya kuvunjika, tunashangaa, tunageukia ukurasa wa michezo. Hakuna anayeuliza inajitangaza kwa nani.

Hilo ndilo neno langu. Onyo linalosomwa na kamera tu ni mali ya mwenye kamera. Nawaona tayari wauzaji wa mitambo wakija na kamba inayomweka, kihisio juu ya nguzo, na skrini katika ofisi yenye kiyoyozi. Mhandisi ataona doa la buluu. Atapiga simu kwa msimamizi. Msimamizi atatafuta redio ya upepo. Na yule aliyesimama hatua nne kutoka kwenye kamba, ambaye mguu ni wake, atakuwa mtu wa mwisho kujua. Katani haikuwa na dosari hiyo. Ilimwambia kwanza aliye karibu, bila kumuuliza kama anajua kusoma, bila umeme, usiku na mchana, na ilimwambia hata pale bosi alipotaka asijue.

Sisemi turudi kwenye katani. Inaoza, ni nzito ikilowa, na nguvu yake ni ndogo. Meli za leo zingeikata kama uzi wa kushonea. Ingawa hapa Mtanga yeyote ana ruhusa ya kutabasamu. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikasalimika 62 tu, akaipanda Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na hiyo 62, kufikia mwaka 1964 nchi hii ilikuwa ikizalisha karibu tani 230,000 za katani, na mji wetu ukajengwa juu yake. Kisha zikaja kamba za plastiki, za polipropilini hasa, bei ya katani ikaanguka, na mashamba yakageuka vichaka. Najua siasa na uendeshaji mbovu vilisaidia kuchimba kaburi. Lakini plastiki ndiyo iliyoleta maiti. Leo hii maprofesa wa Ulaya, Marekani na Japani wanatumia akili na fedha nyingi kuifundisha plastiki kulia. Kazi ambayo mkonge uliifanya bure.

Basi, waifundishe vizuri. Na sisi tusikae tukingoja kuletewa. Eindhoven wana mashine ambazo hatutazinunua karibuni, lakini sisi tuna kitu ambacho wao wanalazimika kukiiga ndani ya kabati la vioo: jua la pwani, chumvi, joto la mchana na umande wa alfajiri. Idara za kemia za vyuo vikuu vyetu zingeweza kuwaomba watafiti hawa vipande vya utando wa polima zao, vikatundikwa Raskazone hapa Tanga msimu mzima wa kaskazi na msimu mzima wa kusi, nusu vikiwa vimevutwa na nusu havijavutwa, na kuona ni vipande vipi jua limevidanganya na vipi limeshindwa. Ni kazi ya vijana wawili wa shahada ya uzamili, mizani, kamera ya simu na subira. Majibu yake yangesomwa kokote kwenye bandari na jua kali, na yangeanza na swali la kijana wa kreni.

Lakini hayo ni ya kesho na keshokutwa. Kamba zinakatika leo. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kanuni za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zile za SOLAS, zinazitaka meli kukagua na kutunza kamba zao za kufungia na kuweka kumbukumbu za ukaguzi huo. Ni hatua njema kwa meli kubwa. Haimgusi mwenye lori anayevuta gogo kwa kamba ya kuokota, wala mjenzi anayepandisha zege ghorofa ya nne kwa mkanda alioununua mtumba, wala mashua ya uvuvi.

Kwa hao na kwa bandari zetu, lipo onyo la bei ndogo ambalo halihitaji dioksetani wala giza. Ipo mikanda ya kunyanyulia mizigo ambayo imefumwa na nyuzi nyekundu ndani kabisa. Ukiuona wekundu umechungulia, mkanda umelika, unautupa. Zipo kamba ambazo vazi la nje lina rangi moja na kiini rangi nyingine, kwa sababu hiyohiyo. Saa sita mchana, juani, kuli asiyejua kusoma anauona wekundu ule kabla ya mhandisi. Havina ufundi wa pete ya pembe nne, lakini vimejibu swali langu: vinamwambia aliye karibu.

Wala havitoshi. Uzi mwekundu unaonyesha kulika kwa nje, hauonyeshi kamba iliyovutwa jana kupita kiasi ikabaki na sura nzuri, na hapo ndipo ninapowahitaji hao wa Eindhoven, Illinois na Fribourg. Waendelee. Ila wakati wanaendelea, naomba wanaoandika zabuni za bandari, za halmashauri na za makampuni ya ujenzi waongeze mstari mmoja kwenye karatasi zao: mkanda au kamba isiyoonyesha uchakavu wake kwa macho ya anayeishika, isipokelewe.